Mwalimu Wadud Hahitaji Dalali

Kama kuna kiumbe ambaye Mwalimu Fazal Wadud alimdharau kuliko mwanafunzi asiyejua kugawanya, basi ni dalali. Miaka ishirini na mitatu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wavulana hapa Charsadda, na hata alipostaafu aliendelea kupita sokoni mikono nyuma, akitukagua kama tuliochelewa mstarini. Muuza matunda kwake alikuwa mwizi. Daktari alikuwa muuza vidonge. Imamu, alisema, Kiarabu chake kinachechemea. Lakini dalali, loo! Dalali alikuwa chini ya wote: mtu anafungua mlango usio wake, anasema "hapa ni jikoni" mbele ya mnunuzi mwenye macho mawili, halafu anataka asilimia mbili.

Aliyemfuata dalali kwa kudharauliwa ni Inzar Gul, muuza nyama, jirani yake wa ukuta mmoja. Na hapa tumpe Mwalimu haki yake, dharau hii ilikuwa na sababu. Miaka kumi na moja iliyopita Inzar Gul alijenga ghorofa, ghorofani akaweka dirisha, na dirisha likatazama moja kwa moja kwenye ua wa Mwalimu, pale wanawake wanapoanika nguo na kukausha nywele. Kwetu hilo si jambo la kuchekea, watu wameshapigana risasi kwa dirisha dogo kuliko lile. Mwalimu hakumpiga mtu risasi. Aliandika barua. Barua arobaini na kitu, kwa ule mwandiko wake wa kupendeza, kwa baraza la mji, kwa mkuu wa wilaya, kwa kila mwenye muhuri. Inzar Gul alizijibu zote kwa neno moja, kwamba ghorofani analala mama yake, ajuza asiyeuona hata mkono wake mwenyewe. Basi Shahtaj, mke wa Mwalimu, akaishi miaka kumi na moja na shuka la bluu limetundikwa katikati ya ua wake.

Binti yao Palwasha, aliyeolewa Abbottabad, ndiye aliyesema yatosha. Huku milimani hewa ni nzuri, magoti ya mama yatapona, uzeni nyumba njooni. Mwalimu akakubali, kwa sharti moja ambalo alilitangaza sebuleni kidole kikiwa juu.

"Nyumba hii ataichukua yeyote. Hata jini akija na pesa namwandikia. Lakini Inzar Gul, ng'o! Sitamwachia yule mchuna ngozi hata tofali."

"Nani kasema umwuzie yeye?" Shahtaj alisema. "Na hizo milioni tisa unazotaka atazitoa wapi, kwenye utumbo wa mbuzi? Mwite Haji Lajbar, baba Palwasha. Anauza nyumba tangu mimi mwali. Mwachie kazi yake, wewe pumzika."

"Nimpe dalali asilimia mbili ya jasho langu?"

"Jasho gani? Nyumba ulirithi."

Haji Lajbar aliitwa, maana Shahtaj akishikilia jambo haliachii. Alikuja na makubadhi yanayong'aa na simu mbili, akanywa vikombe vitatu vya chai ya kijani, akala nusu ya sahani ya sukari guru. Mwalimu alihesabu kila kipande kilivyoingia mdomoni. Kisha akamuuliza, kwa ile sauti aliyokuwa akiwaulizia watoto waliosahau madaftari, ni kazi gani hasa anayoifanya inayostahili pesa.

"Mwalimu wangu, wewe unadhani kazi yangu ni kufungua milango," Lajbar alisema, akijipangusa masharubu. "Milango hata upepo unafungua. Kazi yangu mimi ni kuziba midomo. Kuna jirani wa ukuta mmoja, na jirani wa ukuta mmoja ana..."

"Usinitajie huyo mtu ndani ya nyumba yangu!"

"Lazima nimtaje, ndiyo kazi yenyewe. Ama tukae naye kabla, atie dole gumba kwamba hataki nyumba, ama tuuze kimya kimya na asisikie mpaka..."

"Mimi? Nikakae na Inzar Gul? Niombe dole gumba la muuza maini?" Mwalimu alisimama. "Haji, chai umeshiba. Njia unaijua."

Lajbar hakukasirika, kazi yake imemzoesha kutimuliwa. Alichukua simu zake mbili, akamuaga Shahtaj aliyekuwa nyuma ya pazia, na mlangoni akasema, "Mwalimu, ukiuza, angalau funga mdomo." Mwalimu aliona hayo ni matusi. Mtu wa darasa nne amwambie yeye afunge mdomo!

Basi akajiuzia mwenyewe. Aliandika bango kwa wino mweusi, herufi zimepambwa kama mwaliko wa harusi, akalibandika langoni. Wanunuzi wakaanza kuja, na yeye akaanza kuwadharau mmoja mmoja. Mmoja aligonga kuta zote kwa kifundo cha kidole, akaulizwa kama anatafuta panya. Mwingine aliuliza kama nyumba ina majini, Mwalimu akamjibu kwamba yalikuwepo ila yalihama kwa kuchoka na maswali ya wajinga. Mmoja alitoa milioni saba kwa adabu kabisa, akatolewa mpaka barabarani kwa sauti iliyosikika msikitini. Miezi mitano ikapita hivyo. Shahtaj alikuwa ameshafunga vyombo katika makasha, na kila alipotaka sufuria ilibidi alifungue kasha.

Wa mwisho alikuwa Nasrullah, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Mardan, mtu mpole, aliyeusifu mwandiko wa bango kabla hajaangalia nyumba. Hapo Mwalimu alikuwa ameshanunuliwa yeye. Walikubaliana milioni tisa. Nasrullah akasema kwa upole kwamba watu wengi, ili kodi isiwaumize, huandika bei ndogo kwenye hati.

"Nne, kwa mfano," alisema. "Tisa nakupa mkononi, nne inakaa kwenye karatasi. Serikali itazifanyia nini pesa zetu, Mwalimu?"

Mwalimu aliyewachapa watoto wa watu miaka ishirini na mitatu kwa kunakiliana hesabu alifikiri kidogo, akaona serikali nayo ni ya kudharauliwa. Wala hakutaka mwandishi wa hati pale mahakamani, wale wazee wenye meza za kukunja, kwa kuwa tahajia yao ilimtia kichefuchefu. Aliandika hati mwenyewe. *Rupia milioni nne tu*, kwa maneno na kwa tarakimu, akaweka sahihi yenye mkia mrefu. Msajili aligonga muhuri siku ya Jumatatu, na milioni zote tisa zikaingia benki.

"Umemaliza?" Shahtaj aliuliza.

"Nimemaliza. Bila dalali. Hata senti moja ya asilimia."

"Alhamdulillahi. Sasa kaa ndani mpaka lori lije."

Angekaa ndani, leo tungekuwa tunasimulia mengine. Lakini mtu aliyebeba dharau miaka kumi na moja hawezi kuondoka nayo kimya kimya, lazima apate pa kuitua. Usiku kucha Mwalimu alijigeuza kitandani akipanga sentensi. Jumanne asubuhi alivaa koti lake la sherehe za shule, akachana ndevu, akaenda bucha.

Ilikuwa saa ile watu wamejaa. Kulikuwa na mwoka mikate, kulikuwa na sajenti mstaafu Bakht Zada, na wengine wanne wanasubiri nyama ya kusaga. Inzar Gul alikuwa amekaa juu ya jukwaa lake, miguu peku, kisu kimebanwa katikati ya vidole vya mguu, anavuta paja la ng'ombe dhidi ya makali, vipande vinadondoka. Mwalimu alisimama mlangoni mpaka kukawa kimya.

"Inzar Gul! Nimekuja kukuaga. Nyumba nimeiuza jana, kwa bwana mmoja wa Mardan, mtu wa heshima, anaoga kila siku. Wewe ulidhani utakaa kwenye lile dirisha lako la laana unaimezea mate mpaka nife uichukue. Sasa umeze vizuri!"

Sasa, kuna jambo Mwalimu alilijua kabisa. Alilisoma, hata aliwahi kulifundisha. Jirani wa ukuta mmoja ana haki ya shufaa: nyumba ya jirani ikiuzwa kwa mtu baki, anaweza kuitwaa yeye kwa bei ile ile. Ila haki hiyo ni nyepesi kama povu. Lazima aidai pale pale anaposikia, mbele ya watu, kabla hajafanya jingine lolote. Akisema ngoja nifikiri, imekwenda. Mwalimu alilijua hilo, lakini hakuamini kwamba mtu anayekata nyama kwa mguu anaweza kuwa analijua pia.

Inzar Gul alilijua vizuri kuliko yeye. Marehemu baba yake alikosa shamba la miwa la jirani, shufaa ikamponyoka, kwa sababu siku aliyopata habari alimaliza kwanza kikombe chake cha chai. Kikombe kile kilisimuliwa nyumbani kwao kila Idi.

Paja la ng'ombe lilianguka sakafuni. Inzar Gul alikuwa ameshasimama juu ya jukwaa, damu mikononi, kichwa kikigusa ndoana za nyama, na sauti yake ikasikika mpaka kwa wauza makubadhi.

"Nadai shufaa! Naidai sasa hivi, mahali hapa! Sajenti, wewe shahidi! Mwoka mikate, wewe shahidi! Nyote mashahidi, Mwalimu Mkuu mwenyewe kaniletea habari, nami sijameza hata mate!"

Sajenti alitazama saa yake, ndiyo mazoea ya polisi. "Saa tatu na dakika ishirini," alisema. "Hongera, Mwalimu. Umefundisha."

Mwalimu aligeuka, akatoka buchani. Alirudi nyumbani, akamwambia Shahtaj kwamba haidhuru, yule mchuna ngozi milioni tisa atazitoa wapi. Shahtaj alikuwa anafunga kasha la mwisho. Aliacha kamba, akakaa juu ya kasha.

"Kwenye karatasi mliandika ngapi?"

Mwalimu alianza kuvua koti lake la sherehe.

"Baba Palwasha. Mliandika ngapi?"

Asubuhi ile ile Inzar Gul aliosha mikono, akaenda moja kwa moja kwa Haji Lajbar. Yeye hakuona aibu kulipa asilimia mbili. Lajbar alimwandikia notisi, akaituma kwa posta ya rejesta, akaenda kwa msajili kutazama hati, na wanasema alipoona bei alikaa chini akacheka mpaka akaombewa maji. Milioni nne Inzar Gul aliziweza. Aliuza gari, akauza dhahabu ya mkewe, akaziweka mahakamani.

Kesi ilichukua mwaka na nusu, na hiyo kwetu ni haraka. Nasrullah yule mpole hakuwa mpole tena. Alisafiri mpaka Abbottabad, ambako Mwalimu alikuwa ameshahamia, akakaa barazani kwa mkwe wa Mwalimu siku tatu, hali wala hanywi, akitaka Mwalimu aje kuapa kwamba bei ilikuwa tisa. Kwa aibu ya majirani waliochungulia, Mwalimu akaja mahakamani Charsadda. Hakimu, kijana wa umri wa wanafunzi wake, alimpa hati aitazame.

"Mzee, huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Umeandika nne?"

"Nne iliandikwa kwa sababu ya kodi, mheshimiwa, lakini kwa kweli..."

"Yaani uliidanganya serikali kwa maandishi, na sasa unataka nikuamini kwa mdomo?" Hakimu aliichukua hati. "Mwandiko mzuri sana. Nne."

Basi ikawa nne: nyumba kwa Inzar Gul, na zile nne za mahakamani kwa Nasrullah. Ile tano aliyopungukiwa Nasrullah wazee wa mtaa waliikata kati, Mwalimu akamrudishia Nasrullah milioni mbili na nusu, ambazo ni asilimia mbili ya dalali mara nyingi kiasi kwamba hata mwanafunzi asiyejua kugawanya angeziona.

Siku alipomaliza yote hayo, kabla ya kwenda kupanda basi la kurudi Abbottabad, miguu ilimpitisha kwenye njia ya zamani. Langoni bango lake lilikuwa bado limebandikwa, nusu limechanika. Juu, kwenye ghorofa, Inzar Gul mwenyewe alikuwa kwenye ngazi, suruali imekunjwa, anapanga matofali kwenye dirisha. Yalikuwa yamebaki manne.

"Mwalimu!" aliita bila kusimamisha mwiko. "Karibu chai! Dirisha naliziba, bwana. Binti yangu anaolewa, nawapa ile nyumba yako. Sasa watoto wangu wa kike watakaa kwenye huo ua, si vizuri watu wachungulie. Au siyo?"

Mwalimu alisimama pale chini mpaka tofali la mwisho likaingia. Lilikaa upande, naye akashika njia ya kituo cha basi.

Alifika Abbottabad wakati wa magharibi. Shahtaj aliuliza hukumu, akaambiwa. Aliuliza nyumba, akaambiwa. Akauliza dirisha.

"Kaliziba."

"Kwa mbao?"

"Kwa matofali. Na saruji."

Shahtaj aliinuka. Alifungua kasha, akatoa lile shuka la bluu alilokuwa amelibeba kutoka Charsadda, akatafuta mkasi, akaanza kulikata vipande vya kufutia meza.