Sungura Aliyekula Idi

Mwezi uliopita nilirudi Mafia kula Idi na ndugu zangu, na kitu cha kwanza nilichokiona, hata kabla sijavua viatu, ni uwanja. Wifi yangu, mke wa kaka, ameumwagia saruji kutoka mlangoni mpaka jikoni, na anaupiga deki kama sebule. "Karibu wifi, hapa kwangu hutaona hata jani," akaniambia kwa fahari, na kweli sikuona hata jani. Nikamsifu, maana anastahili. Lakini moyoni niliusikia ufagio wa chelewa wa bibi yetu, na sauti yake akigomba, nikajikuta nacheka peke yangu na begi mkononi.

Acha nikusimulie alikuwa akigombana na nani.

Nilikuwa na miaka tisa, bibi akitulea mimi na kaka yangu katika nyumba hiyohiyo, kijijini kwetu kwenye njia ya kwenda Ras Mkumbi. Uwanja wakati huo ulikuwa mchanga mtupu. Jirani yetu wa ubavuni alikuwa mwalimu kutoka bara, mtu mrefu, mpole, aliyefuga sungura nyuma ya nyumba yake. Kila nikitoka madrasa nilikuwa nawakatia majani. Siku alipopata uhamisho aliwagawa wote, na mmoja akanipa mimi. Alikuwa mweupe pe, kama kanzu iliyotoka kupigwa pasi, nikamwita Bwana Harusi. Mwalimu aliniachia sheria moja tu, akanikaririsha mpaka akaridhika: "Majani kwanza, majani pili, majani tatu. Hayo mengine ni anasa."

Bibi hakumtaka. Mchana Bwana Harusi alizurura uwanjani, jioni nikamlaza kwenye tenga jikoni, na huko kote alikopita aliacha alama zake, vidonge vidogo vya mviringo kama pilipili manga iliyomwagika. Bibi alikuwa mtu wa usafi wa kupindukia. Kila siku akishaswali alfajiri na kukikucha, alishika ufagio, akainama, na mimi kitandani nilisikia fya, fya, fya, kisha matusi ya kistaarabu. "Mke mwenzangu, amka uone mgeni wako alivyonipambia uwanja! Mimi nimezeeka na ufagio wangu, sasa nimekuwa boi wa sungura!" Aliniita mke mwenza kwa utani, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu zao wa kike, lakini kuhusu sungura hakuwa na utani. Mara mbili alitishia kumpeleka sokoni Kilindoni.

Ikaja Idi. Unaijua Idi ya utotoni wewe. Gauni jipya linalowasha shingoni, hina mikononi, harufu ya iliki na samli kila dirisha. Sisi watoto tulitoka makundi kwa makundi kupita nyumba hadi nyumba, na hakuna nyumba iliyokuruhusu kuondoka mdomo mtupu. Mwaka ule nikaona haya kusherehekea peke yangu. Nikamfunga Bwana Harusi utepe wa waridi shingoni, nikamtia kwenye kikapu cha ukindu, nikaenda naye.

Lo, alivyopokewa! Kila nyumba walinipa mimi changu na yeye chake. Hapa tambi za sukari, pale kisheti, kule kalimati inayochuruzika shira. Mama mmoja alimlisha biskuti kwa mkono wake akimwita shemeji. Naye alikula, masharubu yakimcheza, na mimi nilijiona mtu mwema kabisa. Sheria ya mwalimu niliikumbuka, sikudanganyi. Niliiweka kando kama nilivyoweka kando daftari la hesabu. Ningekulaje mimi visheti, mwenzangu ale matembele, siku ya Idi?

Jioni alikaa kimya kwenye tenga lake. Nikasema ameshiba, kama sisi sote.

Asubuhi ya Idi pili nikausikia ufagio. Fya, fya. Kisha ukanyamaza. Nikangoja matusi, hayakuja. Bibi akaniita kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuizoea, na nilipotoka nikamkuta amesimama katikati ya uwanja, ufagio umening'inia mkononi.

"Umefagia wewe?"

"Hapana, bibi."

"Mbona sioni hata punje? Jana alasiri hamna, jikoni hamna, kwenye tenga hamna." Akautazama mchanga tena. "Uwanja huu safi mno. Kuna mgonjwa."

Tukaenda kwenye tenga. Bwana Harusi alikuwa amejikunyata pembeni, macho nusu, mgongo umeinuka. Nilimpa majani ya matembele, akageuza uso. Masikio yake, ambayo siku zote yalikuwa na joto, yalikuwa baridi. Ukiinama karibu ulimsikia akisaga meno polepole, na bibi alipompapasa tumbo alilikuta limejaa na kukaza kama ngoma. Nikaanza kulia palepale, maana nilijua. Nilijua kila nyumba na kila kisheti.

Bibi alikimbilia chupa ya mafuta ya nazi, dawa yake ya matumbo yetu yote. Akaishika, akamtazama sungura, akairudisha kwenye rafu. "Huyu simjui ndani yake kukoje," akasema. "Nitamuua. Twende kwa bwana mifugo."

Bwana mifugo naye alikuwa mtu wa bara, kazi yake ng'ombe na mbuzi, na kwa kuwa Idi haikuwa sikukuu yake tulitumaini kumkuta nyumbani. Basi bibi akajitanda khanga yake mpya, akajitwika kikapu, mimi nyuma nikivuta makamasi. Njia nzima watu walikuwa wakitoa mikono ya Idi. Wanamwuliza, "Umebeba nini, bi mkubwa, mbona mbiombio?" Anajibu bila kusimama, "Mgonjwa wangu." Wangu, alisema. Niliisikia vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie huyu, hajaenda haja tangu jana."

Bwana mifugo alikunja mikono ya shati, akamweka mezani juu ya gunia, akamtegea sikio tumboni. Nilidhani atacheka, hakucheka. "Tumbo limesimama," akasema. "Sungura tumbo lake halitakiwi kusimama, na hawezi kutapika kama sisi. Mmewahi kumleta. Mngekaa mpaka kesho mngempoteza. Alikula nini?"

Nikatazama chini.

"Mama, sungura hasemi. Sema wewe," akaniambia mimi.

Mwenzangu, ilikuwa ngumu. Bibi alikuwa amesimama pale, na nilijua kwamba nikisema, safari ya sokoni Kilindoni imewadia, akipona. Lakini nisiposema hatapona. Nikasema yote, nyumba baada ya nyumba, tambi, visheti, kalimati mbili, biskuti ya yule mama. Bwana mifugo akanyanyua nyusi. "Kumbe huyu jana alikuwa na mialiko mingi kuliko mkuu wa wilaya."

Hapo bibi akakohoa. Akaivuta khanga yake hadi puani. "Na mkate wa kumimina," akasema.

"Nani alimpa mkate wa kumimina?" nikauliza, maana huo sikuutaja.

"Mimi. Kipande tu. Alirudi na utepe wake, akakaa miguuni pangu ananitazama." Akageukia ukutani. "Si Idi bwana."

Bwana mifugo alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka na machozi yangu, na bibi akatuambia sote hatuna adabu.

Akamchoma sindano ndogo ya kutuliza maumivu. Kisha akatupa kazi. Majani mabichi yawe mbele yake muda wote, sukari na unga marufuku. Maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, matone machache pembeni mwa mdomo, taratibu, yasije yakamwingia kifuani. Tumsugue tumbo kwa vidole laini, tumwache atembee, na asipojisaidia kufikia kesho asubuhi tumrudishe.

Idi pili ile sikuenda popote, na sijapata kuwa na sikukuu nzuri kama ile. Tulitandika mkeka uwanjani, bibi na mimi, sungura katikati. Mimi nilitoa maji tone kwa tone, bibi alisugua tumbo akimwimbia wimbo uleule aliokuwa akituimbia sisi tukivimbiwa. Kaka yangu alizunguka kijiji akitafuta majani mabichi, akirudi na fungu bibi analikagua kama anayenunua samaki. Wageni waliokuja kutoa mkono wa Idi walikalishwa mkekani, wakapewa pilau na taarifa ya mgonjwa. Alasiri alitafuna jani moja la mchicha, nusu yake. Tulimpigia makofi.

Alfajiri iliyofuata niliamka na hofu yangu. Kulipokucha nikasikia fya, fya, kisha ufagio ukanyamaza. Halafu bibi akapiga kigelegele. Mwanamke yule mzima, na uzee wake, alipiga kigelegele kirefu cha harusini, mpaka majirani wakatoka na mswaki mdomoni.

"Kuna nini huko? Kajifungua nani?"

"Sungura kaenda choo!" bibi akawajibu juu ya ua. "Njooni muone!"

Wakaja, wallahi. Wakasimama kuzunguka vidonge vidogo vilivyokauka, na bibi akawaonyesha kwa ncha ya ufagio, na siku ile hakuvifagia mpaka kila mtu alipoviona.

Bwana Harusi aliishi nasi miaka mingi baadaye, kwa majani, na safari ya Kilindoni haikutajwa tena. Kugomba hakukuisha. Kila asubuhi fya, fya, na "Mke mwenzangu, amka uone!" Lakini sasa niliusikia ufagio nikiwa kitandani, nikageukia upande wa pili nikalala, maana bibi akigomba ujue wote wazima.

Wote wawili, bibi na Bwana Harusi, wametangulia. Mwalimu hatukumpata tena, na bwana mifugo alirudi kwao. Siku ya Idi pili mwaka huu niliamka mapema kuliko wenye nyumba, nikatoka nje peku. Ufagio wa chelewa bado upo, umesimama nyuma ya mlango wa jikoni, hauna kazi. Nikauchukua, nikainama, nikaanza kufagia saruji kutoka mlangoni, kila pembe, taratibu. Wifi yangu akatoka anafikicha macho.

"Wifi, unatafuta nini? Mbona nimeshasafisha jana?"

Nikanyoosha mgongo, nikautazama uwanja wote, hadi jikoni. Ulikuwa safi mno.