Mbegu Chini ya Mkwe

Pilipili si sukuma wiki. Sukuma hata ukiitupa kwa mfereji itaota ikutazame. Malenge huota kwa takataka bila kuulizwa, na nyanya huota pale mtu alipotemea mate. Lakini pilipili ina maringo kama bibi arusi. Inataka joto, tena joto la mchana na usiku, na Kitale joto hakuna. Niliolewa huku kutoka Malakisi nikiwa msichana, na mpaka leo, nikiwa na wajukuu kumi na wanne, kila Aprili upepo wa mlimani ukishuka pamoja na mvua naona kama nilidanganywa.

Mbegu zenyewe zilikuwa kumi na saba. Zilitoka kwa pilipili ya mama yangu, ile ya duara, ya manjano, ambayo mwanamume mzima akiuma moja anaanza kuungama makosa ambayo hakuna mtu amemuuliza. Mama aliipanda nyuma ya jikoni kule Malakisi maisha yake yote. Alipokufa, dada yangu akaitunza, kisha kiangazi kikaja kikaua kila shina. Dada akanipigia simu akilia kama amefiwa mara ya pili.

"Si wewe ulibeba mbegu siku ya matanga?"

Nilikuwa nazo kwa karatasi ya majani chai, juu ya kabati. Kumi na saba, na dunia nzima hakuna zingine. Nikamwambia nyamaza, nitakuletea miche. Na mimi nikisema, nimesema.

Nikazifunga kwa kitambaa kibichi, nikakaza na pini ya nepi ya mtoto. Siku tatu nikazibeba kifuani. Zikaniwasha mpaka nikatoka kanisani kabla ya sadaka. Nikaziweka chini ya kuku anayelalia mayai. Kuku akainuka, akaniangalia vile mtu huangalia mgeni aliyekuja na mifuko mingi, akahama kiota. Jirani yangu aliona haya yote. Yeye ni nyanya kama mimi, watu wake walitoka Nyeri wakanunua shamba huku zamani, na anapanda mbegu za dukani tu. Yeye huniita kukhu, mimi humwita cucu, yote maana yake nyanya, kila mmoja akimtania mwenzake kwa lugha ya huyo mwenzake.

"Kukhu, hizo zilikufa. Enda ununue za pakiti."

"Cucu, mama yako ulimnunua kwa pakiti?"

Akacheka mpaka akashika ua.

Mwisho nikakumbuka kiti. Sebule yetu na jikoni zinagawana ukuta mmoja, na kiti kikubwa kimeegemea pale ambapo upande wa pili ni jiko la kuni. Nikaziweka chini ya kusheni. Siku tisa nilizinyunyizia maji kwa kijiko. Hakuna kitu. Zilikuwa ngumu na baridi kama macho ya samaki.

Siku ya kumi mkwe akaja, mume wa kitindamimba wangu, kutoka Bungoma mjini. Alikuwa ameleta mbolea kwa bodaboda, na hapo kwa geti pikipiki ikateleza kwenye matope, ikamlalia mguu. Ukafura kama malenge. Daktari wa zahanati akafunga bandeji akasema asitembee siku nne.

Sasa mtu asiye wa kwetu anisikilize vizuri. Mama mkwe na mkwe hawasalimiani kwa mkono. Hawakai chumba kimoja, hawaangaliani usoni, wala hawaongei moja kwa moja. Nikimsikia anakuja, mimi ni jikoni. Na zaidi ya hapo, mkwe hawezi kulala kwa nyumba ya wakwe zake. Ni mwiko. Lakini barabara ilikuwa matope matupu, na mguu ule haungepanda pikipiki tena. Nikamsikia mzee, mume wangu, kupitia ukutani akitoa hukumu:

"Baba, kulala huwezi. Lakini mtu aliyekaa hajalala. Utakaa."

"Siku nne, baba?" mkwe akauliza.

"Utakaa tu. Hata ukisinzia, hiyo ni shauri ya kichwa. Matako yakiwa kwa kiti, umekaa."

Akampa kiti kikubwa.

Mimi nilikuwa nimeshika mwiko wa ugali. Sikupiga kelele kwa sababu niliheshimu nyumba yangu. Yule kijana ni mtu wa mwili. Nilimwita mzee jikoni nikamwambia, mkwe wako amekalia mama yangu. Akasema kiti alichopewa mkwe hakinyang'anywi, na kama mbegu zimekufa, zimekufa kwa heshima.

Asubuhi mzee akamshika mkono kumpeleka choo cha nje. Hata hawajafika kwa mlango wa choo, mimi nimeshaingia sebuleni. Nikainua kusheni. Kitambaa kilikuwa na joto kama mkate uliotoka sasa hivi. Nikafungua. Mbegu zilikuwa zimefura.

Siku kumi na mbili za kifua changu, kuku na jiko hazikufanya kile huyo kijana alifanya kwa usiku mmoja, bila hata kujua. Nikasimama pale nikawaza. Nikinyunyizia kijiko kimoja nizirudishe, ni nani nimemuumiza? Nikazirudisha.

Kuanzia hapo hakuna mkwe katika Trans-Nzoia yote aliyetunzwa kama yule. Uji wa moto asubuhi, kuku saa sita, chai kila saa ili damu izunguke. Akisema kupitia kwa mzee kwamba anaona mguu umepata nafuu, kwamba anaweza kujaribu kwenda nyumbani, nilijibu kupitia ukutani, "Mzee, mwambie huyo mtu kwamba mifupa haina haraka." Cucu alipita kuangalia mgonjwa, akanikuta jikoni nakuna nazi ambayo nilinunua kwa bei ya wizi sokoni.

"Kukhu, huyu mkwe unampenda hivi, ama unamnenepesha?"

Siku ya tatu tamaa ikanishika. Kama chini ya kusheni zimefura, je, juu? Alipoenda choo nikazitoa nikaziweka juu kabisa, chini ya kile kitambaa cheupe nilichoshona kwa mkono na ambacho hufunika kiti. Nikakaza vyote pamoja na ile pini. Nikanyunyiza vijiko viwili badala ya kimoja.

Jioni mzee akaja jikoni, akafunga mlango nyuma yake. Aliongea polepole kama mtu wa polisi.

"Mama watoto. Mkwe wako anajikojolea."

"Nani amesema?"

"Yeye mwenyewe. Ameniambia karibu kulia. Ati anahisi amelowa na hakumbuki kufanya kitu. Amesema labda mguu uligonga mshipa fulani."

Hapo ndipo Mungu aliniona. Ningesema neno moja tu, yule kijana angepumua. Lakini pia angeinuka, na usiku ule ulikuwa wa baridi mpaka ng'ombe walitoa moshi puani. Nikakoroga ugali. Nikasema, "Mpe blanketi. Asikae na baridi." Mzee akasema nina moyo wa mama kweli. Sitasema kwamba nilipata usingizi.

Asubuhi ya nne mzee alipeleka maziwa barabarani. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Mimi nilikuwa zizini nakamua ng'ombe wa mwisho, nikasikia mlango. Mkwe alikuwa ametoka peke yake, na fimbo, akichechemea haraka vile mtu huenda akiwa amebanwa. Ilibidi nigeuze uso. Nikaanza kuugeuza. Lakini kabla haujageuka wote nikaona, nyuma ya suruali yake, kitambaa changu cheupe cha kiti kinaning'inia kama mkia, na kwa ncha ya mkia kifurushi kidogo kinapigapiga mguu wake. Ile pini ilimshika mfukoni. Kizazi cha mama yangu kilikuwa kinaelekea choo cha shimo.

Nikajifunika leso kichwa chote. Nikamfuata nikiangalia alama za fimbo yake kwenye matope. Kumwita siwezi. Kumgusa siwezi. Nikashika kamba ya ng'ombe nikamvuta nyuma yangu, kwa sababu lazima mtu aongee na kitu.

"Ng'ombe," nikasema kwa nguvu, "mwambie huyo mtu asimame."

Alama za fimbo zikasimama.

"Ng'ombe," akajibu, "mwambie mama nimesimama. Lakini nina haraka."

"Mwambie asikae chini. Asiiname. Kuna kitu kwa mfuko wake wa nyuma."

Akapapasa. Akashika kifurushi.

"Ng'ombe, muulize mama hiki ni nini."

Niliinua kamba ya ng'ombe kama mtu anayeapa. Nikamwambia ng'ombe yote. Mbegu, dada yangu, kuku aliyehama, siku nne. Nikasema, "Na umwambie yale maji yalikuwa yangu. Nilikuwa nanyunyizia na kijiko. Hana ugonjwa wowote, na nilijua, na nikanyamaza. Mwambie mama mkwe wake anaomba msamaha."

Mvua ikazidi. Kisha nikasikia akitoa pumzi ndefu, ile ya mtu aliyetua gunia.

"Mwambie mama," akasema, "tangu jana nimekuwa nikipanga vile nitamwambia bibi yangu."

Akafungua pini, akatundika kila kitu kwenye pembe ya ng'ombe, akageuka akaangalia choo. Nikachukua, nikapiga magoti palepale, nikafungua kitambaa ndani ya leso mvua isiingie. Vimkia vyeupe. Vidogo kama kucha ya mtoto mchanga, vimejikunja, vimetoka. Nikavigusa kimoja kimoja. Mbili zilikuwa zimepondeka. Nne zilikuwa bado hazijaamua. Machozi yalianza kunitoka na nikakosea hesabu, nikaanza upya.

Yeye alikuwa bado amesimama kwa mguu mmoja kwenye mvua, mgongo wake kwetu. Haendi.

"Ng'ombe, muulize mama ni ngapi."

"Kumi na moja."

"Kati ya kumi na saba?"

"Kati ya kumi na saba."

Akatingisha kichwa kama mtu aliyefanya kazi nzuri. Halafu akasema, taratibu, "Ng'ombe, mwambie mama hongera. Na uniombee ruhusa. Nimebanwa vibaya."

Nikamwambia ng'ombe ampe.