Fundi Aliyechuja Klorini kwa Nyasi

Saa moja asubuhi, Muleba. Kidonge cha kupimia kinayeyuka ndani ya kichupa cha maji, na Elieth Lwakatare anakikodolea macho. Maji yenye klorini ya kutosha hugeuka waridi. Haya yamebaki vilevile.

"Hayana kitu," anasema, na hapohapo yuko mlangoni mwa kibanda cha mtambo.

Elieth, 43, mkazi wa Kibeta mjini Bukoba, hutunza mitambo ya kutia klorini katika miradi tisa ya maji ya vijiji, kuanzia Kanazi hadi huku. Mwanamke huyu hajui kukaa. Chai anainywa amesimama, na ukimwuliza swali anakujibu huku anafungua nati.

Leo ana sababu ya kuhangaika. Masika yaliyopita kuhara kuliwalaza watoto kumi na wanne wa kijiji hiki. Ikifika saa nne pampu ya klorini haijapona, itabidi afunge bomba, na watu watarudi kuteka mtoni.

Pampu yenyewe ni ndogo tu. Inavuta dawa, yaani klorini iliyochanganywa na maji, kutoka kwenye pipa na kuidunga kwenye bomba kuu. Anaisuuza vali yake kwa maji mengi kabla ya kuilaza kwenye siki iyeyushe chokaa iliyoigandia, maana siki na klorini vikikutana hutoa hewa inayokata pumzi. Halafu anangoja. Kungoja ndiko kunakomtesa. Amekizunguka kibanda mara tatu.

Chokaa imetoka, lakini vali bado haipitishi. Anaipuliza kwa pampu ya baiskeli, na nyuzi laini zilizopauka zinamwangukia kiganjani. Anazifikicha. Ni nyasi.

Mzee Protase Rugambwa, msimamizi wa mtambo, anaeleza bila wasiwasi kwamba anaichuja dawa kwa nyasi, kama watu wanavyochuja maji ya ndizi wakitengeneza lubisi, pombe ya ndizi. Elieth anauliza nani kamfundisha.

"Si wewe, mwanangu? Ulisema machicha ya dawa ndiyo yanaziba. Ukatuonyesha kwa mkono wako."

Elieth anakaa chini, mara ya kwanza tangu afike. Kweli alisema. Amekulia Kanazi akimsaidia mama yake kukamua ndizi, akaona nyasi zitafaa na huku. Hakufikiria kwamba klorini ingezila hadi ziwe nyuzi. Lo, fundi mzima! Aibu imemjaa usoni, wala haifichi.

"Kosa ni langu, tata," anamwambia, akimwita baba kwa Kihaya. "Tuwe tunaiacha dawa itulie hadi kesho yake, tuchote ya juu tu."

Bahati nzuri dawa ya jana imeshatulia; anairudisha vali na kuwasha pampu. Saa nne kasorobo kidonge kingine kinayeyuka, na maji yanageuka waridi. Mzee Protase anacheka kwa raha. Elieth hacheki. Anahesabu kwa vidole: miradi mingine minne aliionyesha nyasi zilezile.

Mzee anamshauri apige simu tu. Anakataa.

"Nilipita mwenyewe nikiwafundisha. Nitapita mwenyewe niwaambie nilikosea. Kabla ya Jumapili niwe nimemaliza."

Anawasha pikipiki, anaizima, anarudi bombani kupima tena. Bado ni waridi. Ndipo anaondoka.