Luger ya Thabit na Mafurungu ya Rahila

Thabit bin Sleyum alizikimbia bunduki za Unguja mwaka 1964, na alipofika Maskati, alipokwisha kupata kazi na pa kulaza ubavu, akaanza kukusanya bastola. Mkewe, Rahila, alimuuliza mara moja tu kama akili zake zimefika salama au zimebaki chomboni. Thabit akamjibu kwamba hizi si silaha, hizi ni kazi ya mikono. Rahila akaitazama ile kazi ya mikono, akaona tundu la kutokea risasi, akaenda zake jikoni.

Na kweli Thabit hakuwa mtu wa vita. Alikuwa karani wa barua za Kiingereza katika duka la tajiri mmoja mjini Matrah, mwembamba, miwani puani, mtu ambaye hata kuku wa kuchinja humwachia jirani. Risasi hakuwa nazo na hakuzitaka. Alichokitaka ni bastola za Kijerumani, zile zinazojipakia risasi zenyewe, tena za zamani, kabla ya vita vya kwanza, wakati mafundi walipokuwa hawana haraka. Biashara ya silaha iliyopita Maskati siku za mababu iliziacha chache ndani ya masanduku ya watu, zimefungwa vitambaa na kusahauliwa. Thabit alizifuatilia habari zake kama watu wengine wanavyofuatilia habari za wachumba.

Alikuwa nazo tatu. Mbili zilikuwa nzuri. Ya tatu, Luger aliyoipata kwa mzee mmoja baada ya kumbembeleza mwaka mzima, ndiyo iliyomtia wazimu. Chuma chake kilikuwa cheusi chenye ubuluu ndani yake. Kifyatulio na vipande vyengine vidogo vilikuwa na rangi ya asali, rangi waliyoipata mafundi kwa moto tu, bila ya kupaka kitu. Kila kipande, hata kile kidogo cha kushikia kwa ukucha, kilipigwa nambari ile ile moja, maana yake hakijabadilishwa kitu tangu kilipotoka kiwandani. Bastola ya namna hiyo haisuguliwi wala haing'arishwi. Ukiigusa kwa tupa umeiua.

Tabu ni kwamba Maskati nzima hapakuwa na mtu wa kumweleza hayo akayafahamu. Hapa silaha nzuri huvishwa fedha. Khanjari ina fedha, ala ina fedha, bunduki ina pete za fedha mtutu mzima, na mwanamume akitoka sikukuu hung'ara kiunoni kabla hujamuona uso. Idi ya mwaka 1967 Thabit alifanya kosa la kuitoa Luger yake barazani. Jirani yake Ishaq, mzaliwa wa Wete aliyehamia huku zamani na kujiona Mwarabu kuliko Waarabu, aliigeuza geuza kisha akamrudishia.

"Maskini," alisema, "iko uchi. Mfanyie japo suruali."

Baraza zima likacheka. Thabit naye akacheka, kwa adabu, lakini alirudi nyumbani na uso uliokunjamana, na Rahila aliyekuwa akisikia kila kitu nyuma ya dirisha alikiweka kicheko kile moyoni kuliko mwenyewe.

Mwaka uliofuata Mungu akamletea Thabit mtu. Alikuwa Mholanzi wa kampuni ya mafuta, aliyekuja dukani kutafuta mashine ya kahawa, wakazungumza, na katika mazungumzo ikatoka kwamba naye kwao ana kabati la bastola za Kijerumani. Thabit alimtajia ile Luger na rangi ya asali na nambari zake. Mholanzi akaiacha mashine ya kahawa. Akauliza maswali, na kila swali Thabit akalijibu, na Mholanzi akawa anatikisa kichwa polepole kwa heshima. Wakaahidiana baada ya Idi. Thabit alitembea kurudi nyumbani akiwa haoni alipokanyaga. Tangu aje Maskati alikuwa mkimbizi mwenye Kiingereza kizuri, basi. Sasa palikuwa na mtu mmoja duniani aliyemuona kuwa mjuzi, na hakutaka kitu chengine.

"Mama Kheiria," alimwambia mkewe, kwa jina la binti yao, "baada ya Idi nna mgeni. Anakuja kuitazama ile Luger. Nnataka aione katika uzuri wake wote."

Kisha tajiri wake akamtuma mji wa Suhar kwa shughuli za duka, naye Thabit akamwachia Rahila funguo za sanduku, kama kila anaposafiri.

Rahila hakulala juu ya neno la mumewe. Alimwendea Marhoon, sonara aliyekuwa akisifiwa kuliko wote Matrah, akamwekea mbele ile bastola. Marhoon akauliza fedha iko wapi. Rahila akainama, akavua mafurungu yake ya fedha miguuni. Yalikuwa ya mamake, na ukiacha bangili za harusi, ndiyo mali pekee aliyovuka nayo bahari.

Thabit alirejea siku moja kabla ya Idi. Rahila akamletea kitu kilichofungwa ndani ya kanga mpya, akasimama kumtazama usoni.

Marhoon alikuwa amefanya kazi kwa imani. Ubuluu wote aliupiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, ili fedha ikae vizuri. Rangi ya asali aliidhania kutu, akaiondoa. Zile nambari aliziona mikwaruzo, akazipiga tupa moja moja, kwa subira. Mtutu aliutoboa kwa misumari midogo akaupigia maua, na mpini wa mti akautupa, akaweka wa fedha wenye mizabibu.

Macho ya Thabit yakashuka mpaka kwenye miguu ya mkewe.

"Mafurungu yako?"

"Yamo humo," Rahila alisema, akacheka kama msichana. "Mwaka jana Ishaq alikucheka mbele ya watu. Mwaka huu na akucheke basi, nimuone."

Machozi yakamtoka Thabit. Rahila akayachukua kuwa ya furaha, na Thabit, aliyekuwa akimlilia maiti na kumpenda muuaji kwa wakati mmoja, hakuweza kumwambia sivyo.

Siku ya Idi aliivaa. Wanaume ambao hawakupata kumuuliza hali walimshika mkono. Ishaq aliishika bastola kwa mikono miwili, akasema mashallah, hii sasa silaha ya mtu, akamsogezea mahali katikati ya baraza. Heshima aliyoikosa miaka yote ikamjia asubuhi moja, yote, na haikumfaa kitu.

Kwa Mholanzi angeweza kusema bastola imeuzwa. Lakini Rahila alikuwa amekwisha kupika halua, na amejibanza nyuma ya pazia kusubiri sifa. Mgeni akaja, akakaa, na Thabit akaifungua kanga.

Mholanzi hakuigusa. Aliinamia, akatafuta nambari pale zilipopaswa kuwa.

"Mjinga gani kaifanya hivi?" aliuliza kwa Kiingereza, polepole, kama mtu aliyefiwa.

Rahila hakujua Kiingereza. Ilitosha Thabit aseme "mke wangu", na wangetikisa vichwa pamoja, wajuzi wawili, wakamsikitikia mwanamke. Pazia likatikisika kidogo.

"Ni mimi," Thabit alisema. "Niliagiza mwenyewe. Niliona itapendeza."

Mholanzi akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyejitia ujuzi asiokuwa nao. Akatazama saa. Zile bastola mbili nyengine hakuziulizia. Akashukuru kwa kahawa, akaondoka, wala hakurudi tena.

Rahila akatoka, uso umemnawiri.

"Kapenda?"

"Kakosa la kusema."

"Nilimuona, alibadilika uso." Akaketi kando yake, akaanza kuzivuta bangili zake za harusi kuzitoa mkononi. "Basi zile mbili nazo zisikae uchi. Hizi zitatosha kwa Marhoon."

Thabit akamshika mkono upesi.

"Zile hazistahili," alisema. "Zile za ovyo. Vaa bangili zako."

Rahila akazirudisha, kidogo kwa kusita. Thabit akabaki ameushika mkono ule, na mjuzi huyu wa chuma cha Kijerumani hakuweza kujiambia alichokuwa akikiokoa, kama ni bastola zake au bangili za mkewe.