Vitenzi vya Mama, Kuanzia Herufi S

Jana mwalimu wa Kiingereza alijaza ubao vitenzi vikaidi, vile vinavyogeuka sura ovyo, nami nikasikia harufu ya mrenda, ile mboga yetu ya utelezi. Usinicheke, rafiki yangu. Kule mtaa wa Woodley, nyuma ya nyumba ya mzungu ambako baba alikuwa mpishi, vitenzi tulivila na ugali.

Baba aliokota kitabu cha sarufi kilichotupwa na memsabu, mke wa yule mzungu, akatunga sheria: hupakuliwi chakula mpaka utaje kitenzi kwa sura zake tatu. "Drink, drank, drunk," haya, nawa mikono. Tatizo ni kwamba mama, asiyejua kusoma, alikuwa ameshawashia jiko kurasa zote kuanzia herufi S. Baba hakugomba. "Hizo tutajitungia wenyewe," alisema. Hapo ndipo nilipopata kazi yangu duniani.

Memsabu naye alikuwa na sheria yake: chumba ni cha mpishi peke yake. Yaani mama, mdogo wangu na mimi hatukuwapo. Tulikoholea ndani ya blanketi. Mama alicheka kwa mabega tu, bila sauti, nami niliapa kwamba siku moja nitaitoa hiyo sauti.

Jumapili moja mchana baba akanigeukia. "Haya, madam, kupiga chafya?"

Nikapanda juu ya debe. "Sneeze, snoze..." Nikajipaka mrenda puani, ukaning'inia mpaka kidevuni. "Snozen!"

"Mtoto mchafu wewe!" alisema mama, kisha akacheka. Kwa sauti! Akajipiga mapaja, machozi yakamtoka. Baba alinyanyua mkono amnyamazishe, halafu akaushusha, akacheka naye.

Kisha tukasikia viatu vya memsabu kwenye changarawe.

Wiki hiyohiyo mama na mdogo wangu walipanda gari moshi kurudi Maragoli. Mimi niliachwa kwa shangazi, kule Kangemi, nisome. Pale stesheni nilingoja kugombezwa. Mama alijifuta pua kwa kanga, akaninong'oneza, "Snozen."

Sijui kile kitabu kiliishia jiko la nani. Ila jana, ubao ulipofutwa, mwalimu aliuliza "sneeze" ikiwa jana inakuwaje. Nikanyanyua mkono, nikajibu, "Sneezed, sir."

"Vizuri sana. Keti."

Nikaketi. Darasa zima kimya, na mimi ndiye mchekeshaji wao.