Tangi la Eildert, Kabla ya Bomoabomoa

Kabla ya kutazama ukuta, Eildert Noordhof hutazama maji. Lori likipita barabarani, uso wa maji katika tangi lake la samaki huchezacheza kidogo, kama supu iliyopulizwa. Tetemeko likija, maji huinuka upande mmoja, hutulia, kisha huinuka upande wa pili, na samaki wote hushuka chini kwa pamoja kana kwamba wameitwa. Nyumbani kwake hakuna aliyehitaji redio. Ukisikia ngurumo, unageuza shingo kuelekea pembe ya sebule.

"Lori," husema Eildert.

Au hasemi kitu, na hapo mkewe Hilje huweka kikombe chini.

Matetemeko ya Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, si kazi ya Mungu, na watu wa kijiji cha Lutjewold hukasirika ukiyaita hivyo. Kwa miaka mingi gesi ilichotwa chini ya mashamba yao ya viazi, ikapasha joto nyumba za nchi nzima, na ardhi iliyoachwa ikaanza kujikunja. Nyumba ya akina Noordhof ilipasuka kuanzia dirisha la jikoni hadi darini. Watu wa ofisi walikuja na kofia za plastiki, wakaupima ufa, wakaupiga picha, wakauegemeza ukuta wa nje kwa magogo matatu, wakaondoka. Magogo yale yalisimama pale kama walevi waliokosa mlango.

Tetemeko lililovunja tangi la zamani lilikuja Oktoba moja wakati wa chakula cha mchana. Lita mia sita zilimwagika juu ya zulia. Hilje aliokota samaki kwa chujio la viazi, mumewe akakimbia huku na huko na ndoo, na jioni yake Eildert, mwenye umri wa miaka sitini na tisa, fundi mstaafu wa taa za reli, alikaa kwenye kiti kilicholowa akachora tangi jipya nyuma ya bahasha.

"Nyumba inatembelea magongo," Hilje alimwambia, "na wewe unaleta bwawa jingine."

"Tangi lina miguu yake. Halijaegemea ukuta."

"Basi tuhamie humo."

"Tutakula nini?"

"Samaki."

Hilje alitania, lakini alikuwa amechoka. Ukungu wa ukutani ulikuwa umemwingia kifuani, na tayari walikuwa wamepewa nyumba ya muda upande wa pili wa mfereji, nyumba ya mbao, kavu, yenye joto. Kilichozuia ni sakafu yake. Haikujengwa kubeba tangi la uzito ule. Eildert hakuisaini ile karatasi ya kuhama. Alisema wampe muda. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mwanachama wa chama cha wafuga samaki na mimea ya majini, na kila Novemba jaji alikuja sebuleni kwake kama alivyokwenda kwa wenzake wote, akanywa kahawa, akala kipande kimoja cha keki ya tangawizi, akakaa mbele ya kioo saa nzima bila kusema neno, kisha akaandika alama. Eildert hakuwahi kuwa wa kwanza katika wilaya. Alikuwa wa pili mara sita. Alitaka jaji akague tangi hili moja, likiwa limekomaa, kabla nyumba haijabomolewa. Karatasi ya alama ndiyo ingebaki.

"Nipe mpaka Novemba," alimwambia Hilje.

"Novemba ipi?" Hilje aliuliza, kwa kuwa alimjua.

Mimea haiharakishwi, na ndivyo walivyoipoteza nyumba ile ya kwanza ya muda, ikapewa watu wengine.

Alilijenga tangi wakati wa baridi. Mawe aliyatoa mashambani, yale mawe ya mviringo yanayochipuka kila mwaka nyuma ya jembe, na kila moja alilidondoshea siki. Lililotoa povu alilitupa, maana lina chokaa, na chokaa huharibu maji. Alibaki na mawe saba. Matano aliyafukia nusu kwenye changarawe ili yaonekane kama yamekuwapo siku zote, na mawili aliyarudisha nje kwa sababu, alivyosema mwenyewe, yalikuwa yanajionyesha. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kwenye pipa la maji ya mvua, akatoa kisiki.

Kisiki kile cha msonobari baba yake alikitoa kinamasini alipokuwa kijana, akichimba ule udongo mweusi ambao watu walikuwa wakiukausha na kuuchoma kama kuni. Kililala humo maelfu ya miaka, kikawa cheusi na kizito kama chuma. Tangu siku kilipochimbuliwa hakikuwahi kukauka. Baba alikiweka kwenye mtaro, Eildert akakirithi akakiweka kwenye tangi, na tangi lilipovunjika kikalala kwenye pipa. Ilimchukua siku nne kukipatia mahali pake. Alikigeuza, akarudi kitini, akatazama, akainuka akakigeuza tena.

"Hata mimi hukunitazama hivyo," Hilje alisema akipita na kikapu cha nguo.

"Wewe hukuwa na mizizi."

Mwisho ikaja mimea. Watu wa chama hiki wana kanuni zao. Jani jekundu halikai karibu na jekundu jingine, majirani wawili hawalingani urefu, na kila kundi hupandwa kama jeshi dogo lenye mpaka wake. Kipande kinachopendwa kuliko vyote ni kile wanachokiita barabara, safu ya mmea mmoja inayoanzia kwenye kioo cha mbele ikiwa fupi, ikapanda polepole kuelekea nyuma mpaka jicho lisijue inapoishia. Eildert aliipanda barabara yake kwa mmea uitwao mkia wa mjusi. Ilipita chini ya kisiki na kupotea. Kila Ijumaa alikata vichwa kwa mkasi mrefu, akang'oa mashina ya zamani, akavipanda vichwa upya, kimoja kimoja, mkono umezama hadi kwapani. Alifanya hivyo kwa muda wa karibu miaka miwili. Juu yake waliogelea samaki thelathini wa Kongo, wenye mapezi kama kitambaa kilichochanika na rangi inayobadilika kila wakigeuka. Asili yao ni mto ule mkubwa, lakini hawa walizaliwa ndani ya ndoo huko Ucheki.

Barua ya mwisho ilikuja Septemba. Nyumba itabomolewa. Wahame Jumatatu ya pili ya Novemba, au waondolewe. Safari hii Eildert alisaini. Siku hiyohiyo alimpigia simu Luppo, mwenyekiti wa chama ambacho kilikuwa kimebaki na watu wanne, mmoja wao akiwa amelazwa.

"Jumamosi," Luppo alisema alipompigia tena jioni. "Nimeongea na jaji, Tolsma. Anaanza kwangu, halafu kwako saa nne. Siku mbili kabla hawajakuletea tingatinga."

"Nashukuru."

"Usinishukuru. Jaji haji kwa matangi mawili tu, lazima yawe matatu. Nuhu alijenga kabla ya gharika, wewe umejenga baada yake, lakini umetuokoa hata hivyo."

Jumamosi ilikuja na ukungu. Kati ya nyumba kumi na mbili za mtaa wao zilibaki tano, na kibao chenye jina la mtaa kilikuwa kimeondoka na nyumba ya kwanza kubomolewa. Eildert alifuta kioo mara tatu. Akaondoa jani moja la njano. Kisha akapiga magoti mbele ya kabati la chini, mahali ulipokaa mtungi wa hewa ya kaboni inayolisha mimea, na akafungua koki zaidi kidogo ya kawaida. Alitaka mimea ipumue mbele ya jaji. Ikipata mwanga na hewa hiyo ya kutosha, kila jani hutoa viputo vya fedha, na hakuna jaji asiyelainika akiona hivyo. Alijua ni mwendo wa saa moja tu, maana hewa hiyo ikizidi huwakaba samaki. Jaji akikaa kitini, angeinama kama anayefunga kamba ya kiatu na kuirudisha koki.

Alitoka sebuleni akafunga mlango.

"Usiingie mpaka afike," alimwambia Hilje.

"Hata kupanga vikombe?"

"Hata vikombe. Samaki wakishtuka hupauka. Wakipauka huchukua saa nzima kurudi."

"Mimi huchukua zaidi," Hilje alisema, na akakaa jikoni na vikombe vyake.

Eildert alivaa kofia akaenda kusimama pembeni mwa barabara kuu, maana mtu asiye mwenyeji asingejua tena mtaa unaingilia wapi. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Alimpigia jaji. Simu ilikuwa imezimwa, kama alivyofanya Tolsma siku zote za ukaguzi. Aliwaza kurudi nyumbani mara moja, dakika tano tu, halafu akaona taa za gari kwenye ukungu, akabaki. Lilikuwa gari la maziwa. Likaja jingine, akabaki tena. Ilikuwa saa sita na nusu gari dogo la kijivu lilipopunguza mwendo.

"Nisamehe, Eildert," Wieger Tolsma alisema akishusha kioo. Alikuwa Mfrisia mrefu wa mkoa jirani, mzee kuliko Eildert, amekagua sebule za watu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. "Daraja la mfereji limekwama likiwa juu. Na mke wa Luppo hakuniachia mpaka nimalize supu ya njegere."

"Twende," Eildert alisema. Alikwisha kuanza kutembea.

Hilje alikuwa amesimama kwenye ushoroba, mkono juu ya kitasa.

"Kuna kitu kinarukaruka humo ndani," alisema. "Kama nusu saa sasa."

"Kwa nini hukuingia?"

"Ulinikataza."

Eildert alifungua mlango. Tolsma alikuwa nyuma yake, mrefu, akaona juu ya kichwa chake. Waliona kitu kilekile. Kila jani lilikuwa limevaa shanga za fedha. Nyuzi za viputo zilipanda kutoka kwenye barabara ya mkia wa mjusi, zikapita mbele ya kisiki cheusi, na barabara yenyewe ilipanda, ikapanda, ikaingia chini ya kivuli cha mzizi na haikuonekana inapoishia. Eildert hakuwahi kuliona tangi lake likiwa vile. Juu, midomo ya samaki ilikuwa wazi hewani. Wengine walilala ubavu juu ya majani mekundu. Mmoja alikuwa kwenye zulia.

"Funga gesi!" Tolsma alipiga kelele. Alitupa jalada lake kwenye kiti akavua koti. "Mama Hilje, jagi! Majagi yote uliyo nayo!"

Walichota maji na kuyamwaga kutoka juu, wakachota na kumwaga, wazee watatu bega kwa bega, ili maji yapigwe na upepo na ile hewa mbaya itoke. Hilje alitumia buli la kahawa. Kifua cha Hilje kilipiga mluzi, lakini hakuacha hata alipoambiwa aache. Baada ya dakika arobaini samaki kumi na mmoja walishuka kutoka juu, wakajificha nyuma ya kisiki. Waliokufa Hilje aliwakusanya kwa chujio la viazi.

"Nyumba hii na gesi," alisema, na hakumaliza.

Tolsma alikaa, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Alichukua jalada, akaliweka magotini bila kulifungua.

"Siwezi kukagua, Eildert. Unajua kanuni."

"Najua."

"Samaki wakiwa wanakufa, tangi halipewi alama. Hata za mimea."

"Nimekwambia najua, Wieger."

"Si ulisimama pale mlangoni?" Hilje aliuliza. "Una macho. Andika ulichokiona."

"Nilisimama sekunde tatu, mama."

"Ulikiona?"

Mzee alimtazama Eildert, kisha akatazama kioo, ambako majani bado yalitoa viputo, polepole sasa.

"Ingeweza kuwa mbaya zaidi," alisema.

Pande zile hakuna sifa inayopita hiyo. Mtu humzika baba yake bila kuwahi kuisikia kutoka kinywani mwake. Eildert aliipokea bila kuinua kichwa.

"Iandike," alisema.

"Haina mahali kwenye karatasi."

Kwenye karatasi Tolsma aliandika tarehe, anwani ya nyumba, na neno moja: Haikukaguliwa. Akatia sahihi. Keki ya tangawizi haikuguswa.

Jumapili Eildert alilifumua tangi. Samaki kumi na mmoja walikwenda kwa Luppo ndani ya ndoo, pamoja na fungu moja la mimea lililofungwa kwenye gazeti bichi. Luppo alitaka kuchukua zaidi, lakini hakuwa na nafasi, na hapakuwa na mwanachama mwingine wa kupelekewa. Iliyobaki, pamoja na barabara nzima ya mkia wa mjusi, ilikwenda kwenye pipa la taka za bustani. Mawe aliyaacha uani. Wiki iliyofuata tingatinga liliyachanganya na matofali.

Kisiki alihama nacho, amekifunga kwa gunia lililoloweshwa.

Nyumba ya muda waliyopewa safari hii ilikuwa kavu na yenye joto kama walivyoambiwa. Kifua cha Hilje kilitulia kufikia Krismasi. Kisiki kilikaa kwenye pembe ya sebule, juu ya sinia, na wiki za kwanza Eildert alikinyunyizia maji asubuhi na jioni. Baadaye alikuwa akisahau asubuhi. Baadaye chupa ya kunyunyizia ilihamia jikoni, Hilje akaitumia kupigia pasi.

Siku moja ya Februari, mchana, walikuwa mezani wanakula viazi vilivyopondwa na kabichi. Mlio ukapiga, mmoja, mkali, ndani ya chumba. Hilje aliweka uma chini. Wote wawili waligeuza shingo kuelekea pembe ya sebule, kutazama maji.

Kisiki kilikuwa kimepasuka kutoka juu hadi chini. Ndani yake kulikuwa na rangi ya asali.

"Lori," alisema Eildert, na Hilje akauchukua uma wake.