Hodi Kutoka Ndani

Karakana nzima ilimwita Gundi. Sababu zilikuwa mbili: vidole vyake havikuwahi kukauka gundi, na akishakaa kwenye jambo humbandui. Alianza kujalidi vitabu akiwa binti wa miaka kumi na saba, yatima wa baba na mama, analelewa na bibi yake mzaa mama katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana hiyo hiyo.

Chumba cha kazi kilikuwa kirefu na chembamba, dirisha moja tu upande wa barabara. Gundi alikunja karatasi kubwa zilizotoka mtamboni mpaka kila moja ikawa mkunjo wa kurasa kumi na sita, kisha akaipanga mikunjo kwa mfuatano wake. Mama Sindano, aliyekaa meza ya pili, aliishona. Gundi akaipaka gundi mgongoni, na fundi mkuu akaivika jalada na kukata kingo. Kazi ya kila mmoja iliegemea uangalifu wa aliyemtangulia. Mtu akisinzia kidogo, kitabu kinazaliwa kilema.

Siku moja Gundi alisinzia. Katika nakala moja ya riwaya aliingiza mkunjo wa kabla ya mwisho mara mbili, akausahau wa mwisho. Fundi mkuu aligundua kitabu kikiwa kimeshavikwa jalada. Hakugomba. Alimkabidhi Gundi kitabu hicho akamwambia amchukue mwanawe, maana ndiye aliyemzaa hivyo. Nakala nyingine zote zilikwenda kwa mteja aliyeziagiza jioni ile.

Gundi alikisoma kitabu chake chote. Kilimhusu msichana wa rika lake, yatima kama yeye, mtumishi katika nyumba kubwa ambamo kupigwa na kulia vilikuwa mambo ya kila siku. Mji ukaingia vita. Wenye nyumba wakakimbia, wakamfungia ndani asije akatoroka na vitu vyao. Msichana anamaliza maji, anamaliza mkate, anajikokota hadi mlangoni, anaweka kiganja juu ya mbao. Ukifungua ukurasa unaofuata, yuko jikoni tena anaosha vyombo, na hakuna aliyekimbia. Anapitia mateso yote upya, anafika mlangoni mara ya pili, anaweka kiganja. Hapo kitabu kinaisha.

Jambo hilo liliwakera watu watatu wa karakana kwa wiki nzima. Wakati wa chai walibishana. Fundi mkuu alishikilia kwamba msichana anakufa, kwa kuwa waandishi hawana raha mpaka wamemliza mtu. Mama Sindano alisema haiwezekani. Atatokea kijana, atavunja dirisha, na baada ya dirisha ni harusi. Wakamgeukia Gundi.

"Atapiga hodi," alisema.

Mama Sindano alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Hodi hupigwa na aliye nje, mwanangu."

"Ndiyo maana. Akilia nani atasimama? Mtaa ule umeshazoea kilio cha nyumba ile. Machozi ya samaki huenda na maji. Lakini wewe unapita zako, unasikia hodi inatoka ndani ya nyumba iliyofungwa. Hutasimama?"

Fundi mkuu alifikiri, akakubali kwamba angesimama, walau kwa umbea. Kisha akawarudisha kazini.

Kabla mwaka haujaisha, baba mkubwa wake Gundi alifika na shangazi. Walikuja kumchukua. Baba mkubwa alikuwa na watoto wadogo na mke aliyechoka, na kwake binti wa marehemu mdogo wake anayeshinda kwenye karakana ya watu ilikuwa aibu ya ukoo. Gundi aliambiwa asubiri chumbani, wakubwa wana mazungumzo. Kati ya chumba na sebule palikuwa na pazia tu, kwa hiyo alisikia kila kitu: wangeondoka naye asubuhi, kazi angeiacha, nguo zake hazihitaji hata sanduku. Bibi hakujibu. Lilikuwa jambo la upande wa baba, na yeye ni mama wa mke.

Gundi ananiambia kwamba machozi yalikuwa tayari. Alijua pia yangepokelewa vipi: angeambiwa anyamaze, atazoea. Akajifuta uso, akasimama nyuma ya pazia.

"Hodi," akasema.

Shangazi alitazama mlango wa nje.

"Hodi hapa."

Baba mkubwa alikuwa na chai mdomoni. Akaimeza, na ulimi wake, uliofundishwa adabu tangu utotoni, ukajibu wenyewe: "Karibu."

Basi akaingia. Aliwaamkia mmoja mmoja, shikamoo baba mkubwa, shikamoo shangazi, shikamoo bibi, kama mtu aliyetoka safari. Kisha akabaki amesimama akingoja kuonyeshwa pa kukaa. Bibi akajisogeza kwenye benchi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema bibi. Ndilo neno lake la kwanza mchana ule.

"Nimekuja kuwaomba mniulize," Gundi akasema.

"Tukuulize nini?" baba mkubwa aling'aka.

"Ninataka kukaa wapi."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Alimwambia kaka yake kwamba amekaribisha mwenyewe, sasa amhudumie mgeni wake. Baba mkubwa akauliza, shingo upande.

"Hapa, kwa bibi, na kazini kwangu," alijibu Gundi. "Wanao nitakuja kuwaona kama dada yao. Si kama mtumishi wao."

Baba mkubwa alilalamika kwamba watoto wa siku hizi wanavaa maneno kuliko nguo. Lakini asubuhi aliondoka na dada yake tu.

Sisi tunaofundisha riwaya huwauliza wanafunzi ni nini kinachomfanya mhusika kijana anusurike, nao huandika ujasiri, au bahati, au wema wa watu. Nawapa alama zao. Sijawahi kukutana na aliyeandika kwamba mtu anaweza kunusurika kwa kupiga hodi nyumbani kwao.

Leo Gundi ndiye fundi mkuu. Hivi karibuni mteja alimletea nakala kamili ya riwaya ile, mgongo umechanika, na hatimaye akausoma mkunjo wa mwisho mbele yangu, amesimama, uzi mkononi. Mjomba wa msichana anatokea kutoka mbali, ana ufunguo wa akiba.

"Huyu hakunusurika," aliniambia. "Huyu kanusuriwa."

Nilimuuliza kama haimkeri kuurudisha mwisho huo mahali pake. Alisema kazi yake ni kushona. Lakini alishona taratibu, na mimi nikawafikiria wasichana niliowafundisha, wale waliokaa mlangoni wakingoja mjomba mwenye ufunguo.

Tukiwa bado hapo, kivuli kilisimama kizingitini. Mzee, fimbo mkononi. Mlango wa karakana huwa wazi mchana kutwa na watu huingia tu, ila baba mkubwa haingii hivyo.

"Hodi," alisema.

Gundi alikaza fundo, akakata uzi, akaiweka sindano mahali pake.

"Karibu," alijibu.